Ndege za Kiganjani: Maswali Yenu Kuhusu Skeli ya 1/144

Maswali ya safari hii yote ni ya ndege ndogo kabisa, zile za plastiki za kuunganisha ambazo ukizimaliza nyingi zinatua juu ya kiganja. Nimeziunganisha kwa miaka mingi, na hadi leo nikimaliza moja huishika mkononi nikaizungusha dirishani kwa muda kabla ya kuipeleka kabatini.

Kwa nini mtu ahangaike na 1/144 wakati 1/72 ni rahisi kushika? (Msomaji, Arusha)

Namba hiyo inakwambia ndege halisi ni kubwa mara ngapi kuliko ya kwako. Kipimo cha 1/72 kilitokana na hesabu za Waingereza, inchi moja kwa futi sita, na kampuni yao ya FROG ilianza kuuza ndege za plastiki za kipimo hicho mwaka 1936. Kigawe nusu, unapata 1/144.

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ina mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Kwa 1/72 yanakuwa sentimita 15.6, kwa 1/144 ni 7.8, urefu wa kidole. Sasa chukua Boeing 787-8, aina ile ile anayorusha Air Tanzania. Mabawa yake ni mita 60.1. Kwa 1/72 ingekula sentimita 83, uiweke wapi kwenye nyumba ya kupanga? Kwa 1/144 haifiki 42. Zipange hizo mbili kwenye rafu moja, utaona kwa macho yako kilichotokea angani ndani ya miaka sabini na kitu. Hiyo ndiyo raha ya skeli hii, na ndiyo iliyoninasa mimi.

Shikamoo fundi. Niko kidato cha tatu, Tanga. Mjomba ameniletea seti ya kwanza lakini sina kifaa hata kimoja. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Usinunue sanduku la vifaa vya bei mbaya. Tafuta kikata kucha kikali, wembe mpya, kibano cha nyusi, vijiti vya meno, na vipande vya msasa laini, namba 400 na namba 1000, kutoka duka la vifaa vya ujenzi au la rangi za magari. Kipande usikichomoe kwa vidole kwenye fremu, ile miti ya plastiki inayoshikilia vipande vyote, kitakatika na ngozi yake. Kikate kwa mbali kidogo, kisha punguza kilichobaki taratibu kwa wembe, umalizie kwa msasa uliolowa maji.

Kitu cha pili ni kanga. Itandaze mapajani, pindo lake la mbele ulibane mezani kwa vitabu. Gurudumu la ndege ya 1/144 linaweza kuwa dogo kuliko punje ya mtama, na likiruka kutoka kwenye kibano likaangukia sakafuni, hulioni tena. Likiangukia kwenye kanga, unalo. Sinia liweke pembeni kwa vipande vinavyosubiri zamu.

Gundi na rangi tafuta huko huko uliko, kwa sababu vimiminika vinavyoshika moto havisafirishwi ovyo kwa barua za ndege. Ukitumia tina ya kuyeyushia rangi, fungua dirisha na ukae mbali na jiko.

Nimefuata maelekezo hatua kwa hatua, lakini ndege yangu inaonekana kama kitu cha kuchezea mtoto. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana hapa ndipo skeli ndogo inapomtofautisha fundi na mwenye haraka. Chukua rula, zidisha kila unachokiona mara 144.

Ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa na unene wa nusu milimita, kwenye ndege halisi hiyo ni sentimita 7.2. Ndege gani ina ukingo mnene kama tofali la kulaza? Mstari wa maungio ya bati uliochongwa kwa upana wa milimita 0.2 unakuwa mtaro wa karibu sentimita tatu. Na rangi ikirundikana hadi robo milimita, umeipaka ndege yako plasta ya sentimita 3.6. Kiwanda kina udhuru, plastiki haiwezi kumiminwa nyembamba kupita kiasi. Wewe huna.

Kwa hiyo, kabla hujaunganisha nusu mbili za bawa, lisugue kwa ndani, kwenye ukingo wa nyuma tu, juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, hadi uone mwanga unaanza kupenya kwenye plastiki. Ndipo ugandishe. Rangi iwe nyepesi kama maziwa, tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke sawasawa. Mistari ile usiikoleze kwa rangi nyeusi. Kijivu kilichokolea kidogo tu kuliko rangi ya ndege kinatosha.

Antena zilizokuja kwenye fremu, nyingi ni nene kama nguzo za umeme. Zitupe. Chukua kipande cha fremu, kishike juu ya mshumaa bila kukigusisha mwali, ukikizungusha. Plastiki itaanza kung'aa na kulegea katikati. Kitoe motoni, hesabu moja, kisha vuta mikono pande mbili kwa mwendo mmoja. Utabaki na uzi mwembamba kama unywele. Kata milimita nne, gusa gundi kwa ncha ya kijiti, bandika. Mara ya kwanza utakatika, na mara ya pili pia. Endelea.

Ndege yangu inakalia mkia. (Msomaji, Lindi)

Pua ni nyepesi. Wavuvi wanauza chubwi za mshipi. Ponda ndogo moja, ibandike ndani ya pua kabla ya kufunga mwili. Pima kwanza kwa kushikiza vipande kwa utepe. Hiyo ni madini ya risasi, yana sumu, nawa mikono ukimaliza.

Gundi ya supagluu inafaa kwa vioo? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika kirahisi. Tumia gundi nyeupe ya seremala, kidogo sana.

Stika zangu za maji zimepasuka vipande nilipozilowesha. Zilikaa kabatini miaka minane. (Msomaji, Unguja)

Pole sana. Unyevu wa pwani na joto ndivyo vilivyoziua. Siku nyingine jaribu kwanza na stika usiyoihitaji, na ikionyesha kumeguka, zipulizie nyingine vanishi angavu, ziache zikauke usiku kucha, kisha kata kila moja kwa wembe. Karatasi zilizobaki zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Baba alifanya kazi East African Airways hadi shirika lilipovunjika 1977. Nataka kumtengenezea Super VC10. Inawezekana? (Msomaji, Nairobi)

Inawezekana, na umenigusa. Ndege hiyo ya abiria ya Uingereza iliundwa kwa ajili ya viwanja vya joto na miinuko kama Nairobi, ulio mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, na shirika letu la pamoja lilikuwa na tano. Seti za 1/144 zipo. Modeli ikikamilika ina urefu wa kama sentimita 36.

Injini nne ziko nyuma, kwa hiyo jibu nililompa mwenzako wa Lindi linakuhusu: jaza chubwi puani. Halafu angalia upande wa kushoto, mbele ya bawa. Za kwetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo. Kama seti yako imetengenezwa kwa VC10 ya shirika lingine, huenda ukalazimika kuuchonga mwenyewe kwa sindano na kipande cha utepe mgumu.

Namba za usajili ziligawanywa kwa nchi tatu: 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya. 5X-UVA iliangamia Addis Ababa Aprili 1972. Nne zilizobaki zilichukuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza, zikafanywa za kujazia wenzao mafuta angani. Miongoni mwao ni 5H-MOG, VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, na imehifadhiwa huko Uingereza hadi leo.

Kabla hujafungua kopo la rangi, kaa na mzee umuulize ni ipi aliyoipenda. Herufi zake ndizo utakazobandika.