Taa za ukungu ziwake zenyewe: maswali ya madereva wa Kusini

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu taa za ukungu, zile ndogo za chini kwenye bampa ambazo wengine mnaziita sporti. Haya hapa.

Shikamoo fundi. Nina Noah, naishi Newala. Asubuhi ukungu ukitanda huku juu, nikiwasha taa kubwa naona weupe mtupu. Nataka zile za chini ziwake zenyewe, lakini zinagoma mpaka taa kubwa ziwake. Nifanyeje?

Marahaba. Kabla hujamwita mtu aje kukata waya, jaribu hivi: zungusha kijiti cha taa hatua ya kwanza tu, ile ya paking, yaani taa ndogo za mbele na nyekundu za nyuma, halafu washa swichi ya taa za ukungu. Toyota nyingi zinazotoka Japani zinakubali kuwasha taa za ukungu na paking, bila taa kubwa. Kuna watu wameendesha gari miaka na miaka hawalijui hilo, kwa kuwa mkono umezoea kuzungusha kijiti mpaka mwisho. Zikiwaka, hela ya fundi tia mafuta.

Zikikataa, kazi yenyewe si kubwa. Umeme mzito wa taa hizo haupiti kwenye swichi. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme badala ya mkono), kisha unakwenda kwenye globu. Swichi inaiamsha rilei tu, kwa umeme mdogo usiofika hata robo ya ampea. Kiwandani umeme huo mdogo umechukuliwa kwenye mstari wa taa kubwa, ndiyo maana ukizizima na hizi zinazimika. Basi unachohamisha ni waya huo mwembamba peke yake: unautoa kwenye mstari wa taa kubwa, unauunga kwenye waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa, na unauwekea fyuzi yake ndogo. Waya mnene hauguswi. Ukimwona fundi anavuta waya wa betri moja kwa moja mpaka kwenye swichi ya dashibodi, mzuie. Globu mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 na ushee, na swichi za bei ya chini huyeyuka kwa mzigo huo.

Kuna jambo moja ambalo wanaotaka taa hizi ziwe huru hawaliulizi. Ukizitenganisha kabisa, taa nyekundu za nyuma hazitawaka pamoja nazo. Wewe utaona mbele vizuri, lakini lori la korosho linaloteremka nyuma yako kwenda bandarini Mtwara halitakuona. Kwa sababu hiyo mimi huziunga kwenye waya wa paking, si wa ufunguo, isipokuwa mwenye gari ashikilie msimamo. Unapata unachotaka, taa kubwa zimezimwa, na mgongoni una taa.

Fundi mwenzangu, niko Masasi. Nimefuata namba za miguu ya rilei: 30 betri, 87 taa, 86 swichi, 85 bodi. Kwenye pikapu ya Toyota ya mteja wangu rilei haigongi kabisa, na ni mpya.

Namba zako ziko sawa. Umedhani tu kwamba swichi ya gari inatoa chanya. Kwenye Toyota kadhaa, hasa pikapu na Land Cruiser za zamani, swichi ya taa inafunga hasi, yaani inaunganisha waya na bodi badala ya kutoa chanya. Kwa hiyo rilei yako imepata hasi kwenye 86 na hasi nyingine ya bodi kwenye 85, itagongaje?

Hakikisha kwanza kwa testa. Bana kamba yake kwenye chanya ya betri, halafu gusa waya wa swichi kwa ncha. Testa ikiwaka unapowasha swichi na kuzimika unapoizima, waya huo unatoa hasi. Hapo ondoa 85 kwenye bodi uipeleke kwenye swichi, na 86 uipe chanya ya ufunguo kupitia fyuzi ndogo. Usizigeuze hizo mbili bila kutazama mchoro ulio ubavuni mwa rilei, kwani zipo zenye dayodi ndani, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hizo zinataka chanya ikae 86.

Gari likiwa jipya, ambalo swichi inaongea na kompyuta, usiguse waya wa kijiti. Funga swichi yako pembeni na rilei yako, uache mfumo wa gari kama ulivyo. Kuokoa hela ya swichi moja kunaweza kumgharimu mteja kompyuta nzima.

Fundi, nipo Mikindani, gari langu Passo. Nilifungiwa taa hizi, mwanzoni zilikuwa safi, sasa moja imefifia kama mshumaa. Nibadilishe globu?

Bado, dada yangu. Hapo ulipo ni pwani kabisa, na upepo wa chumvi unakula maungio ya waya. Tazama kwanza pale waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi. Nina hakika utakuta kutu ya kijani au bolti iliyokazwa juu ya rangi. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Maungio yaliyosokotwa na kuzungushiwa tepu yafunguliwe, yalehemiwe kwa risasi na kuvikwa mpira unaobana kwa moto. Usidharau upotevu mdogo wa umeme: globu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga wake unashuka kwa karibu asilimia 30.

Nimefungiwa taa za ukungu hapa Lindi mjini, sasa kila nikisahau kuzizima asubuhi betri imelala. Betri mbovu?

Betri haina kosa. Aliyekufungia ameunga waya wa swichi kwenye umeme wa betri usiokatika, kwa hiyo ukichomoa ufunguo taa zinaendelea kunywa. Betri ndogo ya ampea 35 kwa saa, taa za wati 110 zinaikausha chini ya saa nne, na gari litagoma kuwaka kabla ya hapo. Rudi kwake ahamishie waya huo kwenye umeme wa ufunguo au wa paking. Ni kazi ya muda mfupi, na sioni kwa nini akutoze.

Ukiwa hapo, muulize fyuzi iko wapi. Inatakiwa iwe ya ampea 15, karibu kabisa na betri. Ikiwa karibu na taa, waya wote mrefu katikati hauna ulinzi, na siku ukichubuka kwenye chuma cha bodi utaona moshi.

Globu za njano zinapenya ukungu kuliko nyeupe? Tandahimba.

Hapana. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi, yanatawanya njano sawasawa na nyeupe. Ufaransa ililazimisha magari yake kutumia taa za njano kwa miongo mingi, mpaka 1993, kisha ikaachana nazo. Kinachosaidia ni taa kukaa chini, kumwaga mwanga kwa upana, na kukatika juu kwa mstari mkali. Kama njano inakupumzisha macho, weka.

Nikiziwasha usiku barabara ya Nangurukuru, kila ninayepishana naye ananipiga ful. Kwa nini?

Zinaangalia juu. Simamisha gari mahali tambarare, mita 8 kutoka ukutani, ukiwa na mzigo wa kawaida. Pima kimo cha taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa kimo hichohicho, kisha rekebisha skrubu mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukae sentimita 10 hivi chini ya alama. Na kama umechomeka globu za LED kwenye kioo kilichotengenezwa kwa halojeni, kuna uwezekano mkubwa ukingo huo usiuone kabisa, mwanga umetapakaa tu ukuta mzima. Hapo skrubu haisaidii, rudisha globu za zamani.