Kabla ya kuuza au kubakiza nyumba ya urithi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili, kwamba nyumba ya urithi iuzwe fedha zigawanywe au ibakizwe kwa ajili ya familia, limenigusa panapouma, kwa kuwa mama yangu mdogo aliniteua katika wosia wake niwe msimamizi wa mirathi. Jibu langu la haraka ni kwamba iuzwe. Nyumba moja haikatiki vipande vinne, na kadiri miaka inavyopita wenye haki huongezeka, maana warithi nao hufa wakaacha warithi.

Lakini yapo maswali yanayotangulia hilo. Nani anashika funguo? Je, bima ingali hai, hasa ikiwa nyumba haina mtu? Marehemu alidaiwa na nani? Msimamizi si mwenye nyumba. Hata jina lake likiingia kwenye hati, huingia kwa niaba ya wengine, na haifai ajiuzie mwenyewe kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Tena deni hulipwa kabla ya mgawo. Qurani, katika Sura ya Nne aya ya 11, inataja mafungu ya warithi na kuyaweka baada ya wasia na deni, na sheria za kiraia nazo hutanguliza deni.

Kwetu mgogoro ulizuka kwenye deni. Mwanawe mkubwa, aliyeishi na mama yake na kumuuguza mpaka mwisho, alisema kwamba aliezeka upya paa lote kwa fedha zake, akataka arudishiwe kabla ya mgawo. Dada yake akajibu kwamba mtoto anayemwezekea mama yake paa hamkopeshi. Stakabadhi hazikuwapo. Nilimtafuta fundi, tukakaa naye barazani sote, akaeleza ni upande upi ulikuwa ukivuja, mbao zipi zilikuwa zimeoza, na kwamba fedha alizipokea mkononi mwa yule kijana. Mwenye madai akaniangalia kana kwamba shauri limekwisha. Halikuwa limekwisha, kwa sababu fundi alithibitisha nani aliyetoa fedha, lakini hakuweza kusema kama zilitolewa kwa mkopo au kwa mapenzi, na aliyelijua hilo tulikuwa tumeshamzika. Moyo wangu ulikuwa kwake, kwa kuwa niliona jinsi alivyomhudumia mama, lakini fedha za warithi wenzake hazikuwa zangu hata nimpe kwa huruma.

Baada ya mabishano mengi dada yake alilainika, wakakubaliana kwa maandishi kwamba kila mmoja achangie sehemu ya gharama za paa kutoka katika fungu lake. Tukakwama kwa mrithi wa nne, mjukuu aliyetajwa katika wosia, ambaye hajafikia umri wa kutia saini. Mtoto hawezi kuridhia, na mimi sikuwa tayari kuridhia kwa niaba yake jambo linalompunguzia haki, hivyo fungu lake halikuguswa.

Kila ninapomfikiria mtoto huyo, lile jibu langu la haraka linanitoka mkononi. Hatukuuza. Nyumba imepangishwa, kodi inaingia katika akaunti ya mirathi, hutolewa kwanza matengenezo na bima, kisha kinachobaki hugawanywa kwa hesabu ambayo kila mmoja anaiona, na fungu la mtoto huwekwa kando. Akikomaa ataulizwa kama wenzake. Nikirudishwa mwanzo, nitaamua vivyo hivyo.

Hata hivyo simshauri kila mtu anifuate. Kama marehemu ameacha deni lisilolipika kwa njia nyingine, au kama hakuna wa kugharimia matengenezo, iuzwe mapema, kwa bei ya mthamini asiye na maslahi. Na kama mmojawapo wa warithi anaishi humo bila kulipa kodi na wengine wanaona haya kumwambia, msimamizi amwambie mapema, kwa maandishi, wakati bado wanasalimiana.