Kila kitu kimebadilika kwa mwaka mmoja na siwezi hata kuomba. Je, imani yangu imekufa?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 53, nimeokoka tangu ujana wangu. Ndani ya miezi kumi na mmoja nimemzika mama yangu mzazi, nimepunguzwa kazini baada ya miaka 19, binti yetu wa mwisho ameolewa, na mume wangu amehamishwa kikazi, kwa hiyo tumehamia mahali ambapo hatumjui mtu. Kila anayenipigia simu ananiambia, "Mwegemee Mungu, anayajua mawazo anayokuwazia." Naitikia amina, lakini sijui nafanyaje huko kuegemea. Nikipiga magoti maneno hayaji, nalia tu au nasinzia. Biblia yangu mpaka leo imo ndani ya boksi mojawapo kati ya yale ambayo hatujafungua, wala sijui ni lipi. Naona aibu kusema hivyo. Je, imani yangu imekufa? Na Mungu ananifundisha nini kwa haya yote?

JIBU

Amina, dada yangu. Pole sana. Pole kwa kufiwa na mama, pole ya kazi, pole ya nyumba uliyoiacha. Nazitaja moja moja kwa makusudi, maana wewe umezipanga zote kwenye sentensi moja, na nina wasiwasi kwamba hata moyoni mwako zimekwenda hivyo hivyo: kabla hujamaliza kumlilia mama, barua ya kazini imefika, kabla hujaielewa barua, mizigo inafungwa. Hata harusi ya binti, ambayo ni furaha na tunamshukuru Mungu kwayo, imekuachia chumba kitupu. Kila jambo katika hayo lilistahili msimu wake wa kuombolezwa. Israeli walipofiwa na Musa walikaa nyanda za Moabu siku thelathini wakimlilia, na Yordani ikawangoja. Wewe hukupewa hizo siku thelathini.

Kuhusu imani yako kufa: hapana. Aliyekufa imani hakosi usingizi kwa sababu haombi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kuegemea, kwa sababu umeuliza swali ambalo sisi wahubiri hulipita haraka. Mithali 3:5 inasema, "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa hapo "usizitegemee" ni kitenzi cha mwili kabisa. Ndicho kinachotumika katika 2 Samweli 1:6, pale kijana Mwamaleki anaposimulia kwamba alimkuta Sauli mlimani Gilboa ameegemea mkuki wake, magari ya adui yakimkaribia. Ndicho pia kinachotumika katika Waamuzi 16, Samsoni kipofu anapomwomba mvulana aliyemshika mkono amwachie apapase nguzo za nyumba apate kuziegemea. Waangalie watu hao wawili. Mmoja amechoka hawezi kusimama, mwingine haoni. Hakuna aliyeegemea kwa sababu alijisikia ana nguvu. Kuegemea ni kuuhamisha uzito wako ukauweka juu ya kitu kisicho wewe.

Baba yangu alipovunjika nyonga alipewa mkongojo. Siku ya kwanza ya mazoezi nilisimama mlangoni nikamtazama. Aliushika vizuri, mkono wa upande wa mguu mzima kama alivyoelekezwa, akaanza kutembea huku ameuinua kidogo kutoka sakafuni, mguu mbovu unatetemeka, jasho linamtoka, na kila hatua anauma meno. Yule dada wa mazoezi ya viungo akamsimamisha, akamwambia kwa upole: "Mzee, huo mkongojo unaubeba. Uegemee." Baba alikuwa mtu wa heshima zake, akajibu kwamba anaogopa utateleza. Dada akaweka kiganja chake juu ya mkono wa baba, akaukandamiza chini mpaka ncha ya mpira ikabonyea. Hapo ndipo mguu ulipoacha kutetemeka.

Nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi nikiongea na waumini wazuri kama wewe. Tunakuwa na Mungu mkononi, tunajua mistari, tunaitikia amina, lakini uzito wote bado tumeuweka kwenye mguu unaouma. Na nikuambie linalotatiza zaidi: huo mguu wakati mwingine ni maisha yetu ya kiroho yenyewe. Kwa miaka mingi ulikuwa na saa yako ya maombi, zamu yako kanisani, Biblia yako mezani, na vilikuwa vyema. Sasa vimevurugika, nawe unaona kama Mungu ameondoka navyo. Lakini dada, ulichoambiwa ukiegemee si maombi yako wala imani yako. Ni Yeye. Imani yako ni kile kiganja kilichoshika mkongojo. Kiganja kinaweza kutoka jasho, kinaweza kutetemeka, na mkongojo ukabaki imara.

Kuna mtu mmoja katika Maandiko ambaye ningependa ukae naye msimu huu, naye ni Yakobo akiwa mzee. Watu humhubiri Yakobo kijana, yule mjanja wa haki ya mzaliwa wa kwanza. Mimi nampenda yule wa Mwanzo 46. Ana miaka 130, anachechemea tangu usiku ule wa Penieli aliposhindana mieleka na Mungu, anahama na nyumba nzima kwenda nchi ambayo hakuichagua. Anafika Beersheba, anasimama, anatoa dhabihu. Usiku Mungu anamwambia, "Usiogope kushuka mpaka Misri." Kwa nini amwambie asiogope? Kwa sababu aliogopa. Mzee wa imani, mtu aliyeota ngazi iliyofika mbinguni, anaogopa kuhama, na Mungu hamkemei kwa hofu hiyo. Wala hamwelezi mambo ya huko yatakavyokuwa. Anamwahidi kwamba atashuka pamoja naye, kwamba atampandisha tena, na kwamba Yusufu ataweka mkono juu ya macho yake. Hilo la mwisho hunigusa sana. Katikati ya ahadi kubwa ya taifa, Mungu anataja kiganja cha mwana juu ya kope za baba yake.

Yakobo aliishi Misri miaka 17. Waebrania 11:21, ikitafuta jambo moja la kumkumbukia kwa imani, haitaji ile ngazi wala mieleka ya Penieli. Inamtaja akiwa karibu kufa, anawabariki wana wa Yusufu na kuabudu huku ameegemea fimbo yake. (Ukifungua Mwanzo 47:31 huenda ukakuta imeandikwa kitanda, si fimbo. Usitatizike. Kwa Kiebrania maneno hayo mawili yana konsonanti zilezile, na alama za irabu ziliongezwa karne nyingi baadaye; Waebrania inafuata tafsiri ya kale ya Kiyunani, iliyosoma "fimbo".) Kuchechemea kwake hakukuondolewa. Aliabudu nako.

Sasa lile andiko unaloletewa kwenye simu, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni andiko la kweli na ni lako. Ila wanaokutumia mara nyingi hulikata kutoka kwenye barua yake, na likikatwa hivyo linakuwa kama ahadi kwamba wiki ijayo mambo yatanyooka, yasiponyooka unajilaumu. Barua ile Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu kupelekwa Babeli, na mstari unaotangulia unasema miaka sabini. Wengi waliosikia barua hiyo ikisomwa walikuwa watu wazima, wangefia hukohuko. Sura ya 28 inamtaja nabii mwingine, Hanania, aliyehubiri kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi kama zamani. Bila shaka mahubiri yake yalipendeza zaidi. Yeremia alimwambia kwamba anawatumainisha watu maneno ya uongo.

Basi Mungu aliwaambia wafanye nini hiyo miaka yote? Soma mstari wa 5 na wa 7: jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake, utakieni amani mji ule. Wale watu walikuwa wanaishi kama walio safarini, mizigo haijafunguliwa. Mungu hakuwaambia waisahau Yerusalemu. Zaburi 137 inaonyesha jinsi walivyoililia. Aliwaambia kwamba mahali wasipopachagua panaweza kuombewa, na kwamba Yeye anasikia maombi kutoka huko. Kwa Myahudi aliyezoea hekalu, hiyo ilikuwa habari nzito kuliko tunavyofikiri.

Kuhusu maombi yasiyo na maneno, usijitese. Warumi 8:26 inakiri wazi kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Huko kulia kwako magotini, ambako wewe umekuhesabu kama kushindwa kuomba, Paulo anakuweka karibu sana na kazi ya Roho. Ukitaka maneno, azima. Zaburi ziliwekwa kwa ajili hiyo. Anza na ya 13, "Ee Bwana, hata lini?", ni fupi. Siku ikiwa mbaya zaidi soma ya 88, ambayo inaanza gizani na kuishia gizani, haina ule mgeuko wa sifa mwishoni, na bado Roho Mtakatifu akaona inafaa kuwemo. Soma kwa sauti, hata kwa kunong'ona. Ukisinzia, sinzia. Mtoto anayesinzia kifuani pa baba yake hajamkosea baba.

Na maombi ya kuazima hayatoki kwenye kitabu tu. Katika Marko 2 watu wanne wanatoboa dari na kumshusha mwenye kupooza, na maandishi yanasema Yesu "alipoiona imani yao" ndipo akazungumza na mgonjwa. Imani yao, wale waliombeba. Kwa hiyo tafuta ushirika huko mlikohamia hata kabla hujajisikia kwenda. Kaa kiti cha nyuma. Mtu mmoja akikuuliza habari, usimjibu "njema" ya haraka, mwambie, "Nimefiwa na mama na nimehama, niombeeni." Najua ni vigumu kwa mtu aliyezoea kuwa yeye ndiye anayeombea wengine. Kumwegemea Mungu mara nyingi hupitia mabegani mwa watu, na mwenye kiburi kidogo cha utumishi, kama tulicho nacho wengi wetu, hapo ndipo hukwama. Mwambie na mume wako. Hukumtaja isipokuwa kwamba kahamishwa, na huenda naye analala macho wazi upande wa pili wa kitanda akijilaumu kwamba uhamisho wake ndio umekuvunja.

Umeuliza Mungu anakufundisha nini. Hilo nakuomba uliweke chini kwa sasa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na huo ndio uliokuwa utumishi wao mzuri kuliko wote. Walipoanza kumweleza maana ya misiba yake wakamkosea yeye na Mungu pia, na sura ya 42 inaonyesha Mungu akiwakasirikia. Usiku wa mwisho, Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kwamba ana mengi bado ya kuwaambia, lakini hawawezi kuyastahimili wakati ule. Ana huruma katika kunyamaza kwake pia.

Jambo moja zaidi nalisema kama mchungaji, na naomba ulipokee. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, chini ya mti wa mretemu jangwani, malaika hakumletea mahubiri. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamrudia mara ya pili na kumwambia ale tena kwa sababu safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Ikiwa usingizi umekuhama kwa wiki nyingi, chakula hakipiti, au wazo la kutotamani kuishi limeanza kukupitia, nenda kamwone daktari, na mweleze yote bila kuficha. Wazo hilo likija, usisubiri, mwambie mume wako saa hiyohiyo. Kufanya hivyo si kupungukiwa imani. Ule mkate wa Eliya nao ulitoka kwa Bwana.

Israeli jangwani waliokota mana ya siku moja. Walioweka mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu. Kwa hiyo sikupi ratiba ya maombi ya siku arobaini. Kwa leo nakuomba jambo moja. Jioni hii, wewe na mume wako, fungueni boksi moja. Moja tu. Kama Biblia haimo, fungeni hapo, mshikane mikono, mseme Baba Yetu mpaka "utupe leo riziki yetu," kisha mkalale. Kesho mfungue jingine. Ukiipata, niandikie uniambie ilikuwa kwenye boksi la ngapi. Nitakuwa nakuombea kwa kila boksi mpaka hapo.