Najua kufoka ni vibaya na bado nafoka, je nina kasoro?

SWALI: Habari mhariri, mi ni mama wa watoto wawili. Nimesoma kwamba Socrates yule Mgiriki alisema hakuna mtu anayetenda baya huku anajua ni baya, akikosea ujue hakujua. Sasa mbona mi najua kabisa kuwafokea wanangu hakusaidii, kila usiku naapa sirudii, kukicha kitu kidogo tu nshafoka alafu roho inaniuma siku nzima. Kati yangu na Socrates nani kakosea?

JIBU: Dada, umeuliza jambo ambalo Wagiriki wenyewe walibishana sana. Kwa Socrates fadhila ni elimu, ukilijua jema kwa dhati utalitenda, na yeye aliishi hivo hivo, manake mwaka 399 K.K. Athens ilipomhukumu kifo kwa madai ya kutoheshimu miungu ya mji na kuharibu vijana, rafiki zake walikuwa tayari kumtorosha akakataa, alishaona kutoroka si haki, akanywa sumu. Nadhani kwa mtu wa aina hiyo ni vigumu kuelewa sisi wengine tunavovutwa huku na huku.

Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki aliyezaliwa miaka 15 baadaye, hakuridhika, akasema wazo hilo linapingana na mambo tunayoyaona wazi. Hali yako Wagiriki waliiita akrasia, yaani kushindwa kujitawala. Mfano wa Aristotle naupenda sana: mlevi anaweza kughani beti za Empedocles, mwanafalsafa wa kale aliyeandika kwa mashairi, bila kukosea neno, lakini saa hiyo huwezi kusema anazielewa. Na mwanafunzi anayeanza ni hivo hivo, anatamka vizuri ila somo halijawa sehemu yake bado, linataka muda. Kwahiyo ukiwa umepandwa na hasira, ule ujuzi wako upo ila umelewa.

Tena kuhusu hasira alisema kitu cha kukufariji. Eti hasira ni kama mtumishi mwenye pupa, anachomoka mbio kabla hujamaliza kumwagiza alafu anaharibu kazi, au mbwa anayebweka mlango ukigongwa tu, hata hajaangalia kama ni rafiki. Yaani hasira inaisikiliza akili, ila inasikia nusu. Ndo maana aliona kushindwa na hasira ni aibu ndogo kuliko kushindwa na tamaa, tamaa haisikilizi kabisa.

Sasa kuapa usiku peke yake hakutoshi dada, na hapo nakuambia ukweli. Mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na upole ni hivo hivo, unapatikana kwa kutenda upole mara nyingi hadi uwe tabia, anayeishia kwenye maneno Aristotle alimfananisha na mgonjwa anayemsikiliza daktari kwa makini alafu hafuati hata moja. Pia aliona kwamba wapo wasioshindwa kwa sababu waliliona jambo linakuja wakajiandaa mapema. Wewe unajua ni asubuhi, basi jiandae kabla hawajaamka, amua kabisa maziwa yakimwagika utasema nini. Na usijitwishe mzigo wa kutokasirika kabisa, kwake yeye mpole ni yule anayekasirika kwa jambo linalostahili, na mtu anayestahili, kwa kiasi na kwa muda unaofaa. Asiyekasirika hata panapostahili naye ana upungufu.

Kuhusu roho kukuuma, usiizime hata kidogo. Aristotle alitofautisha watu wawili, mmoja anafanya baya na anaona sawa tu, huyo hajutii hivo hatibiki, mwingine anajuta na huyo anatibika. Huyo wa pili alimlinganisha na mji uliopitisha sheria nzuri zote ila hauzitumii. We sheria unazo tayari, kilichobaki ni kuanza kuzitumia, hata kama ni asubuhi moja kati ya saba kwa kuanzia.