Mama anamwambia daktari kwamba hana shida yoyote

SWALI: Mimi ni msomaji wenu wa Makambako. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, aliambiwa mwaka jana kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, na mwezi ujao natakiwa kumrudisha kliniki Mbeya. Kinachonisumbua ni kwamba kila tukiingia kwa daktari mama huwa mtu mwingine kabisa: husalimia vizuri, hutabasamu, na akiulizwa hali yake hujibu kwamba hana shida yoyote isipokuwa magoti. Nami huona aibu kumkanusha mzazi wangu mbele ya watu, hivyo tunarudi nyumbani na mengi niliyokusudia kuyasema hayajasemwa. Safari hii nijiandaeje?

JIBU: Pole sana na kazi ya kuuguza, dada. Hayo unayoyaeleza huwapata wengi wanaouguza wazee wao, na mama hamdanganyi daktari. Ugonjwa huu, ambao ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha wazee kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, mara nyingi humwondolea mgonjwa hata uwezo wa kutambua kwamba anaumwa, huku adabu alizozizoea tangu utotoni, kama vile kusalimia, kuulizia watoto na kushukuru, zikibaki imara kwa muda mrefu. Daktari anayekaa naye dakika chache huiona sehemu iliyobaki nzima. Sehemu iliyoharibika unaiona wewe unayeishi naye, na njia nzuri ya kuifikisha kliniki bila kumvunjia heshima ni kuiandika.

Tafuta daftari dogo uanze leo. Usiandike kwamba anasahau sana, kwa kuwa maneno hayo daktari huyasikia kila siku na hayamwonyeshi afanye nini. Andika tukio, siku na saa, kwa mfano: "Jumanne, saa mbili usiku, aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na dirisha ili apate joto." Sentensi hiyo moja inaeleza hatari inayoweza kuua nyumba nzima kwa usiku mmoja wa baridi, na itamfanya daktari aulize ni nani anayelala naye. Andika pia anavyolala na anavyokula, kama nguo zimeanza kumpwaya, kama ameanguka, kama anashindwa kuwahi choo, kama anaona watu ambao hawapo au anawatuhumu wajukuu kwamba wanamwibia. Kisha jiulize ni jambo gani aliliweza mwenyewe wakati wa kliniki iliyopita na sasa haliwezi tena, uliandike juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo mwendo wa ugonjwa unapoonekana.

Siku moja kabla ya safari, yapeleke mambo mazito zaidi kwenye ukurasa mmoja. Mkifika, mpe muuguzi anayepokea kadi, umwombe kwa upole amfikishie daktari kabla hamjaitwa. Ni vyema pia mwende watu wawili, ili mmoja aweze kutoka na mama kwenda kupima presha au kunyoosha miguu huku mwingine akibaki kuzungumza. Mama naye aulizwe na asikilizwe kwanza, hata kama majibu yake hayalingani na daftari lako. Magoti anayoyalalamikia huenda yanamuuma kweli, na maumivu yasiyotibiwa humkosesha mzee usingizi na kumzidishia wasiwasi.

Dawa zote anazotumia zikusanye katika mfuko mmoja, zikiwemo zilizonunuliwa dukani bila cheti na zile za mitishamba. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika mikoa yetu ya baridi vidonge vya mafua havikosekani nyumbani, na baadhi ya dawa hizo, kama Piriton na Phenergan, huzuia kazi ya kemikali ileile ya ubongo ambayo dawa za Alzheimer kama donepezili hujaribu kuiongeza. Mzee anaweza kuchanganyikiwa zaidi kwa ajili ya kidonge cha mafua, na familia ikadhani kwamba ugonjwa umepanda. Kama anatumia donepezili, mweleze daktari iwapo anapata kichefuchefu, anaharisha, au amewahi kuzimia, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Haiponyi ugonjwa, kwa hiyo uliza wazi mtajuaje kwamba inamsaidia.

Daktari akianza kumpima kumbukumbu, akimuuliza siku na mwezi au akimtaka arudie maneno, usimsaidie hata kwa kumkonyeza. Najua inauma kumwona mzazi akihangaika, lakini jibu lako litaficha kile kinachotafutwa. Kama hakusoma shule, sema mapema. Kipo kipimo kilichobuniwa hapahapa Tanzania, wilayani Hai, kwa ajili ya wazee kama hao, ambacho mzee hupanga njiti za kiberiti badala ya kushika kalamu. Sema pia kama Kibena ndiyo lugha yake ya kwanza. Kiswahili alichojifunza baadaye kinaweza kumponyoka huku Kibena kikibaki, na ukiombwa kutafsiri, tafsiri jibu lilivyo bila kulinyoosha.

Kuhusu safari yenyewe, wagonjwa wengi huwa na utulivu zaidi asubuhi na huchanganyikiwa zaidi jioni, hivyo omba nafasi ya mapema na, ikiwezekana, mlale Mbeya kwa ndugu anayemfahamu, taa ikiwaka karibu na njia ya choo. Mwambie asubuhi ya kuondoka, kwa maneno machache na ya kweli, kwamba mnakwenda kwa daktari; sishauri kumdanganya kwamba mnakwenda harusini. Beba barua ya rufaa, kadi ya kliniki, kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, majibu ya vipimo vya awali, miwani yake, sweta, khanga ya kubadilisha na uji kwenye chupa. Ulizia dirisha la wazee mapema, maana foleni ndefu humchosha kabla hajamwona daktari.

Kabla ya tarehe hiyo kuna jambo moja la kuangalia. Alzheimer huzidi polepole, kwa miezi na miaka. Mama akibadilika ghafla ndani ya saa chache au siku mbili tatu, akawa analala mchana kutwa, haelewi anachoambiwa au anapiga kelele isivyo kawaida yake, huenda ana maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji mwilini au madhara ya dawa mpya, na mengi ya hayo yanatibika. Usisubiri kliniki ya Mbeya. Mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.