Weka hiyo dawa chini, pima joto kwanza

Usimpe mjusi wako! Umeuliza kuhusu mboga zake, ukubwa wa sanduku lake na minyoo, lakini nimekwama pale uliposema mtu wa agroveti hapo Nakuru amekuuzia ivermektini, dawa ya minyoo ya ng'ombe, akakwambia tone moja mdomoni linatosha. Mjusi wangu alikuwa wa aina hiyohiyo, wa Australia mwenye ndevu, naye alikuwa amekataa kula. Nami niliambiwa maneno hayohayo, nikampa. Asubuhi miguu ilikuwa imelegea, ukimgeuza chali hajipindui, mdomo wazi, mwili baridi. Jioni hakuiona.

Soma chupa yako: mililita 1 kwa kilo 50. Mjusi wa gramu 400 ni mwepesi mara 125 kuliko kilo hizo 50, kwa hiyo hata kwa hesabu ya ng'ombe angestahili mililita 0.008. Tone moja ni kama 0.05. Hiyo ni mara sita! Na yule muuzaji hakuuliza hata uzito wa mnyama. Inaniuma mpaka leo. Kama hujui mnyama ana gramu ngapi, umepata wapi hiyo "linatosha"?

Tena hata kipimo sahihi ni hatari akiwa baridi. Mjusi hajitengenezei joto kama sisi. Ini na figo zake zinategemea joto analoota. Nakuru iko mita 1,850 juu ya bahari, si Kisumu kwenye joto. Chumba kikipoa, chakula kinaoza tumboni, kinga inashuka, minyoo inazidi, na dawa inakawia kutoka mwilini. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani waliwaambukiza bakteria iguana, mijusi wa jangwani: waliowekwa kwenye nyuzi 34 wengi walikufa, wa nyuzi 40 na 42 wengi wakapona. Ile ilikuwa bakteria, si minyoo, lakini ona joto linavyookoa.

Joto kwanza, dawa baadaye! Jiwe analootea joto liwe nyuzi 38 hadi 42, na upande wa pili wa sanduku uwe 24 hadi 27 apate pa kupoa. Kile kipimajoto cha kubandika kwenye kioo kinakudanganya. Tafuta cha waya, ncha yake iguse pale tumbo linapolala. Mpe maji pia. Kisha peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa mifugo mwenye hadubini. Vijinyoo vichache ni kawaida kwa mijusi hawa, huenda asihitaji dawa kabisa. Akihitaji, apimwe uzito kwa gramu kwanza.

Kapime jiwe sasa hivi, uandike namba hapa.