Deni la marehemu lina mashahidi

Mhariri, mmetuuliza wiki hii: mfiwa ashikeje imani yake bila kuliwa na matapeli wa mtandaoni? Najua wengi watawaandikia kuhusu waganga wa Facebook na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Mimi nina jambo moja tu, linalowapata zaidi watu wa swala tano: deni la marehemu.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za boti hapa Tanga, mtu wa kukopa vipuri na kukopesha. Alipofariki, tangazo la msiba lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp likiwa na picha yake, jina kamili, msikiti atakaposaliwa, na chini kabisa namba yangu kwa ajili ya rambirambi. Tapeli atafute nini tena? Matanga hayajaanuliwa, ikaingia meseji:

"Pole dada. Marehemu Allah amrehemu nilimkopesha laki tatu na nusu, ilikuwa siri yetu. Sitaki aaibike. Unajua roho inaning'inia kwa deni. Tuma leo kabla ya Ijumaa umpunguzie, usimwambie mtu."

Isomeni tena muone ilivyosukwa. Hilo la roho kuning'inia kwa deni mpaka lilipwe limo kwenye hadithi, tumelisikia tangu madrasa. Aliyeiandika hakumtaka mjane aamini uongo mpya. Ameshika jambo la kweli, akalifunga namba ya simu. Nawe umo ndani ya eda, miezi 4 na siku 10, hutoki ila kwa dharura, usiku mrefu na simu iko mkononi. Ukikataa unajiona umemwacha mumeo kaburini na mzigo wake.

Ila dini hiyohiyo iliyosema deni lilipwe imesema pia deni lijulikane vipi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, ni ya madeni: yaandikwe, na wawepo mashahidi, wanaume wawili, au mwanaume mmoja na wanawake wawili. Kwa hiyo mjane anayeuliza "shahidi wako nani?" yumo ndani ya dini yake. Sielewi kwa nini mawaidha ya msibani yanataja uzito wa deni kila mara, na hili la kuandika linapitwa.

Tena mila yetu ilishalipangia njia. Siku ya maziko mtu wa familia husimama akatangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, amwone fulani. Kwetu alikuwa shemeji, kaka mkubwa wa marehemu. Basi nikamjibu yule bwana kwa mstari mmoja: njoo nyumbani baada ya alasiri umwone shemeji, uje na shahidi. Hakuja, na namba yake haikupatikana tena.

Aliyekuja ni mzee mmoja wa Kigombe, mvuvi. Alikaa barazani na shemeji, akanywa kahawa kwanza, akaomba dua, ndipo akasema anadai elfu sitini za propela. Shemeji akalifungua daftari la marehemu, lile la jalada jeusi lenye madoa ya grisi, na jina la mzee limo, na kiasi ni hichohicho. Akalipwa palepale. Mwenye haki hana haraka ya Ijumaa.

Haya si ya Waislamu peke yetu. Jirani yangu Mkatoliki alipofiwa na mama yake, alifuatwa na mtu aliyejiita mtumishi, akitaka sadaka kwa simu ili mama "apate kupumzika". Yeye alimpelekea mwenyekiti wa jumuiya aisome ile meseji, na mambo yakaishia hapo.

Palipo na mali ya kugawana, madai yote yangoje msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani. Kulipa madeni kabla ya kugawa urithi ni kazi yake, na sura ya An-Nisaa inasema vivyo hivyo. Laini ya marehemu msiiache ikizagaa na watoto. Meseji ya kitapeli itumeni kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ya kupokea taarifa hizo, ndipo muifute.

Na ninyi mnaoandika matangazo ya misiba, namba ya mjane inafanya nini pale chini? Wekeni ya mweka hazina wa msiba, mtu mwenye moyo mkavu kidogo, na itangazwe msikitini kwa sauti, ili tangazo likichezewa na kubadilishwa namba, watu wawe wameshaisikia ya kweli.

Mjane wa Ngamiani, Tanga